Gari Nililogombea na Baba Mkwe

Siku baba mkwe alipohamia kwetu Gahanga, pembezoni mwa Kigali, kitu cha kwanza alichokiona ni miguu yangu. Tulimtarajia jioni. Mume wangu alikuwa amepanga kwenda kumpokea kituo cha mabasi cha Nyabugogo, lakini mzee alipanda basi la kwanza kutoka Kamembe na hakumwambia mtu. Mimi nilikuwa chini ya gari, nimevaa kaptula ya mume wangu kwa sababu ya joto, nahangaika na nati ya bomba la moshi iliyoshikana kwa kutu. Nikasikia geti linafunguliwa.

"Nisogezee ile spana ndefu," nikasema.

Niligeuza shingo nikaona viatu vyeusi vilivyopigwa rangi vikang'aa. Vilisimama kidogo, vikageuka, vikatoka.

Nilipojitoa chini ya gari na kujifunga kitenge, nilimkuta amesimama barabarani, ameipa nyumba yetu mgongo, begi lake katikati ya miguu.

"Shikamoo, Baba. Karibu ndani, jua kali."

"Nitamngoja mwanangu," alisema, bila kugeuka.

Akasimama juani hapo hapo, majirani wakipita na kumsalimia, mpaka mume wangu alipofika kwa pikipiki na kumshika mkono kumwingiza. Mimi nilikuwa nimeshaoga, nimevaa gauni, nimechemsha chai. Chai yangu hakuinywa.

Jina lake sijawahi kulitamka hata leo. Kwa desturi ya kwao mke wa mwana hamtaji baba mkwe kwa jina, na desturi hiyo ndiyo pekee ambayo haikunipa taabu. Mimi nilizaliwa na kukulia Bukoba, katika familia ya Wanyarwanda waliokuwa wamekimbilia huko. Kaka yangu mkubwa alikuwa na gereji nyuma ya nyumba, na mimi niliyajua majina ya spana kabla sijajua kupika wali. Baba mkwe alikulia Bujumbura, akawa dereva wa malori ya mizigo ya kwenda Dar es Salaam na kurudi, akarudi Rwanda mzee tayari. Kinyarwanda changu kibovu, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, na tulikitumia zaidi kwa kugombana. Alikuja kwetu kwa sababu mama mkwe alikuwa amefariki na mume wangu hakutaka mzee akae peke yake. Nilikubali kwa moyo mmoja. Sikujua.

Gari lenyewe nilikuwa nimelinunua kabla ya ndoa. Ni sedani ya Kijapani ya buluu, ina turbo, na magurudumu yote manne yanavuta. Lilikuwa limezunguka Ulaya kabla ya kufika huku, kwa hiyo usukani wake uko kushoto. Nilipolinunua lilikuwa limechoka, linavuja oili kila mahali. Nililifufua mwenyewe, kipande kwa kipande, baada ya kazi na siku za mapumziko. Kazi yangu ni kukata vioo vya miwani katika duka moja Remera. Ni kazi ya kukaa kimya na kupima. Nikirudi nyumbani nilitaka kitu kinachonguruma.

Tulipojenga Gahanga, kwenye kiwanja kilichokuwa shamba la mihogo, nilimwambia mume wangu kwamba jiko linaweza kusubiri, banda la gari haliwezi. Alicheka akanijengea banda, akamwaga zege sakafuni. Humo ndani nilibadilisha springi nikaweka fupi na ngumu, nikaweka pedi za breki zinazostahimili joto la milima, nikaweka bomba pana la moshi. Oili nilimwaga mapema kuliko kitabu kinavyosema, na chujio la hewa nililisafisha kila mara, maana vumbi jekundu la Gahanga linaingia hata kwenye chumvi. Mume wangu hakuelewa hata moja, ila alikuwa akija kukaa kwenye ndoo iliyofunikwa, ananisimulia habari za ofisini kwao. Hizo zilikuwa jioni nzuri.

Mzee alizimaliza katika wiki ya kwanza. Alilizunguka gari, mikono nyuma, akalipiga tairi teke dogo.

"Mukazana," alisema. Ni Kinyarwanda, mke wa mwana. "Nani ameharibu gari hii?"

"Halijaharibika, Baba. Nimelitengeneza."

"Iko chini kama chura. Inapiga kelele kama mgonjwa wa kifua. Wale walioiunda kiwandani walikuwa wajinga, wakakungoja weye?"

Nilimjibu kwa adabu. Nilimweleza springi zinafanya nini, bomba linafanya nini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nilitarajia wajukuu. Nimekuta magurudumu."

Mimi na mume wangu tulikuwa tumeshapita kwa madaktari kwa jambo hilo, na mzee alilijua. Mume wangu alimwambia mwenyewe kwa simu, akilia. Kwa hiyo neno lile halikumponyoka kwa bahati mbaya. Nilirudi bandani nikafunga mlango, na tangu hapo sikumweleza chochote tena.

Vita vikaanza. Nikiwasha kompresa ya upepo, umeme unakatika, nami namkuta amekaa kando ya swichi kubwa na rozari yake mkononi, anasali. Nikitoka kazini nakuta magunia ya maharage yamepangwa bandani na gari limesukumwa nje mvuani. "Maharage yataoza," anasema. Nayarudisha magunia sebuleni, mbele ya kiti chake, hata pa kunyoosha miguu asipate. Kesho yake nakuta kuku. Siku moja nilikuta tetea amelala juu ya kiti cha dereva, dirisha limeshushwa kwa makusudi. Nilimchinja yule kuku jioni ile ile nikampikia mzee kwa mchuzi wa karanga. Alikula akaomba tena, halafu akauliza yule tetea wake mwekundu yuko wapi.

"Umemmaliza, Baba."

Aliweka kijiko chini. Mume wangu aliinuka akaenda kunawa mikono ambayo ilikuwa safi.

Kisha ukaja mkutano wa mudugudu, yaani mtaa wetu, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi. Tulikuwa tumekaa kwenye nyasi, majembe kando, kiongozi wetu anapitia mambo ya mifereji na ulinzi. Mwishoni akasema kuna malalamiko ya gari lenye kelele, kwamba watu hawapumziki. Niliwatazama majirani mmoja mmoja. Nilikuwa nimeshawauliza wote zamani, na wote walisema haliwasumbui, kwa kuwa silitoi usiku.

"Nani amelalamika?" niliuliza.

Kiongozi alikohoa. Ndipo baba mkwe akasimama, akapangusa suruali yake majani.

"Ni mimi," alisema, na akarudia kwa Kinyarwanda ili kila mtu aelewe. "Mke wa mwanangu anashinda chini ya gari kama fundi mlevi. Niko na haki ya kulala."

Watu walicheka. Si kwa ubaya labda, lakini walicheka, na mimi nilikuwa nimekaa katikati yao na udongo miguuni. Kiongozi aliniomba nipunguze kelele. Nilisema sawa.

Niliporudi kutoka kazini siku chache baadaye, nililiwasha gari na halikusikika. Nililala chini nikaangalia. Mzee alikuwa amelifungua bomba langu pana na kurudisha lile la zamani la kiwandani, lenye kizimasauti kikubwa, ambalo nilikuwa nimelihifadhi nyuma ya banda. Alimwita rafiki yake, dereva mwenzake wa zamani, wakaifanya kazi hiyo wawili mchana kutwa. Hata gasketi walikuwa wamebadilisha. Kazi ilikuwa safi kabisa, na hilo ndilo lililonipandisha hasira zaidi. Afadhali wangevunja kitu nikapata la kusema.

Nilililegeza lile bomba la zamani, nikalitoa, nikalibeba hadi uani alipokuwa amekaa, nikalilaza kwenye zege, nikachomeka mashine ya kukatia chuma. Nililikata vipande mbele yake. Cheche zilimfikia miguuni, naye hakuvuta miguu. Nilipomaliza alisema tu, "Siku ya ukaguzi utanitafuta."

Na kweli, nilipolipeleka gari kwenye ukaguzi wa lazima likiwa na bomba langu pana, lilikataliwa kwa kelele. Nilirudi nyumbani bila cheti. Yeye alikuwa getini, akauona uso wangu, akafungua geti lote, kwa heshima kubwa, kama anampokea waziri. Mpaka leo watu wakiniuliza kama sijutii kulikata lile bomba, nawaambia ningelikata tena.

Gari likakaa bandani nikitafuta kizimasauti kingine kwenye maduka ya vipuri ya Gatsata. Kazini nilikwenda kwa basi, kama siku zote. Katika kipindi hicho nilitumia nafasi hiyo kuweka pampu kubwa ya mafuta, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa haitoi mafuta ya kutosha turbo inapovuta. Nilikusudia kuvuta na waya mpya mnene wa kuilisha, ila nilikuwa bado sijaupata ninaoutaka.

Basi nikiwa dukani siku moja, kioo cha mteja kiko mashineni, simu yangu ikapokea ujumbe wa faini. Gari langu limepigwa na Sofia, yaani kamera ya barabarani, kwenye mteremko wa kwenda mto Nyabarongo, barabara ya Bugesera. Namba ya gari ilikuwa yangu. Nilifikiri mfumo umekosea. Kisha nikaisoma ile kasi, nikamwomba mwenzangu amalizie kile kioo.

Baba mkwe alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mimi mwenyewe ndiye niliyempeleka kupimwa, katika wiki zake za mwanzo, nikidhani tutapatana. Daktari alimwambia afanyiwe upasuaji, na kwamba mpaka hapo asiguse usukani. Upasuaji aliukataa. Nyumbani alikuwa akimimina chai nje ya kikombe. Na barabara ile ya mteremko ina watoto wa shule, ina baiskeli zilizobeba ndizi na majani ya ng'ombe.

Nilipitia bandani kwanza, kisha nikamkuta amekaa sebuleni.

"Baba, leo ulitoka na gari?"

"Gari gani? Ile iliyoharibika?"

"Nimetumiwa ujumbe. Sofia imekupiga mteremkoni."

"Mashine zinakosea."

"Kiti kimesogezwa nyuma. Kuna tope kwenye pedali."

Alificha miguu chini ya kiti. Kisha akauliza, na nina hakika hakuweza kujizuia, "Imeandika kilomita ngapi?"

Nilimwambia. Nilimwona akijizuia asitabasamu, na hapo nilimchukia kuliko siku zote. Nilimwambia angeweza kuua mtu. Nilimwambia nitampeleka polisi mimi mwenyewe, baba mkwe au si baba mkwe. Alisema ameendesha malori kwenye milima ya Burundi kabla mimi sijazaliwa, na hajawahi kugonga hata mbuzi. Mume wangu alitoka chumbani akasema, "Jamani, majirani," na sote wawili tukamwambia anyamaze.

Ufunguo nilikuwa nao mkobani, kwa hiyo yeye alikuwa na mwingine. Alikuwa ameuchukua ule wa akiba kwenye kabati ya mwanawe, na alikana kuwa nao. Nikaamua kuchomoa fyuzi ya pampu ya mafuta. Bila fyuzi hiyo injini haiwaki. Nikaiweka mkobani, pamoja na kitambulisho changu na rangi ya midomo, nikawa nakwenda nayo Remera kila siku.

Mume wangu alinipigia simu mchana mmoja. Hakulia, lakini sauti yake ilikuwa juu kuliko kawaida. Alisema, "Njoo. Gari limeungua. Baba ameungua mkono."

Nilipanda pikipiki. Nilipofika milango yote ya gari ilikuwa wazi, kiti cha nyuma kimetupwa uani, na ndani kumejaa mchanga wetu wa ujenzi, ndoo kwa ndoo. Harufu ya plastiki iliyoungua ilikuwa imeingia hadi kwenye nguo kambani. Mzee alikuwa amekaa kwenye ngazi, kiganja kimefungwa aproni yangu. Alikuwa ameuzima moto peke yake, nakubali. Alikuwa pia ameuwasha peke yake.

Nilifungua kisanduku cha fyuzi. Mahali pa fyuzi yangu alikuwa amekunja waya wa shaba akauchomeka. Huko nyuma, chini ya kiti, waya wa pampu ulikuwa umesuguana na bati mpaka umegusana, na kwa kuwa hakukuwa na cha kukatika, umeme uliendelea kupita mpaka nyaya zikawaka.

"Ulitaka kwenda wapi?" nilimuuliza.

"Popote."

"Fyuzi kazi yake ni kukatika, Baba. Ingekatika, gari lingezima, basi. Wewe umefunga waya!"

"Na weye umefunga pampu ya lori kwa waya wa redio. Nimeona. Niko na macho mabovu, lakini vidole vyangu vinaona. Na mtu gani anaenda kazini na fyuzi kwenye mkoba?"

"Mtu anayekaa na mwizi."

Neno hilo lilitoka. Mume wangu alikuwa amesimama kati yetu na beseni la maji baridi. Aliliweka chini taratibu.

"Nampigia dada simu," alisema.

Dada yake anakaa Busanza na wanawe wakubwa. Mzee alihamia huko siku iliyofuata, kuku wake kwenye kreti, mkono umefungwa bandeji ya zahanati. Hakuniaga. Nilipoingia bandani niligundua jeki yangu nzuri imekwenda naye.

Mvua zote za msimu ule nilizimalizia ndani ya gari. Nilichota mchanga kwa kijiko, nikavua zulia, nikakata nyaya zilizoungua na kuunga mpya, moja moja, kwa mchoro nilioutafuta mtandaoni. Pampu niliipa waya wake mnene. Kizimasauti nilikipata, cha gari jingine, nikakichomelea. Mume wangu alirudi kukaa kwenye ndoo yake, lakini hadithi zake zilikuwa zimepungua. Ukaguzi wa pili gari lilipita, na siku hiyo nililiendesha peke yangu hadi daraja la Nyabarongo na kurudi, kwa kasi ya halali, nikiimba kwa sauti.

Kisha wifi yangu akatualika chakula Busanza, Jumapili. Alikuwa amefanikiwa kumshawishi mzee kufanyiwa upasuaji wa macho. Tulimkuta nje, amevaa miwani myeusi. Aliivua, akalizunguka gari, pole pole, akasimama kwenye mlango wa nyuma.

"Mlango huu si rangi yake," alisema. "Uligongwa, ukapakwa upya."

Ilikuwa kweli. Uligongwa kabla sijalinunua, na tangu nilipolinunua hakuna mtu aliyewahi kuona ila mimi.

"Naona unaona," nilisema.

"Nipe ufunguo."

"Sitoi."

"Basi nipeleke mwenyewe, nisikie ulichofanya."

Mume wangu alinitazama kwa macho ya kuomba, kwa hiyo nikampeleka. Tulipita nyumba za mpango, zile zinazofanana zote, tukatoka kwenye lami ya kuelekea Kanombe. Alikuwa ameweka kiganja chenye kovu juu ya dashibodi, anasikiliza injini. Nikabadilisha gia, turbo ikavuta, akatikisa kichwa kukubali, na kwa muda wa pumzi moja nilifikiri tumepatana.

"Inakwenda vizuri," alisema. "Umri wako unakwenda haraka zaidi. Mwanangu angekuwa na watoto watatu leo kama angeoa mwingine. Nimemwambia hivyo."

Niliwasha taa ya ishara, nikasogea pembeni, nikasimamisha gari.

"Shuka, Baba."

"Hapa?"

"Hapa."

Alishuka. Alifunga mlango vizuri, bila kuubamiza, akaanza kurudi Busanza kwa miguu kando ya barabara. Nilimtazama kwenye kioo mpaka nilipohakikisha anaona magari yanayokuja. Kisha nikaenda zangu Gahanga, sikurudi kwenye chakula.

Mume wangu alifika jioni kwa pikipiki. Alisimama mlangoni mwa banda.

"Umemwacha baba yangu barabarani."

"Ndiyo."

"Alikuambia nini?"

Nilimwambia neno kwa neno. Nilimuuliza kama ni kweli alikwisha kuambiwa, akainamisha kichwa. Halafu akatoa simu, akatoka uani, akampigia. Alizungumza Kinyarwanda cha haraka nisichoweza kukifuata, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia kwa mtu yeyote, seuze kwa babake. Maneno machache niliyoyashika ni "mke wangu" na "usirudie." Alipokata simu alirudi kukaa kwenye ndoo, nikampa kitambaa safi, akafuta uso.

Siku hizi mzee akitaka kuja Gahanga anapiga simu kwanza kwa mwanawe. Namwamkia, ananiitikia, nampa chai, anakunywa. Hatujaombana msamaha, na sioni dalili. Mara ya mwisho alikaa mpaka mvua ikaisha, akatazama saa, akamwambia mwanawe amwitie pikipiki. Gari lilikuwa bandani, limeshajazwa mafuta. Sikujitolea kumpeleka, naye hakuniomba.